Chuo kikuu au kwa fundi? Tuliorudi tujifunze kuuliza kwanza

Mwaka 2024 mdogo wangu wa mwisho, msichana, alifaulu mtihani wa Serikali unaofungua mlango wa chuo kikuu hapa Burundi. Mama alichinja jogoo na majirani wakaja kutupongeza. Siku ya tatu mdogo wangu akaniita uani, akaniambia: “Kaka, mimi sitaki kwenda Bujumbura. Nataka kujifunza umeme wa jua kwa fundi.”

Nilipomfikishia mama habari hiyo, alitua chini kikapu chake cha ndagala, akanitazama kama mimi ndiye niliyemtuma. “Amevaa sare miaka kumi na miwili,” akasema, “ili akapande mapaa ya watu?”

Ndugu msomaji, ugomvi huo haukuwa mgeni nyumbani kwetu. Ulikuwa umeshaingia miaka kumi na mitano kabla, na wakati huo aliyekuwa akigombewa ni mimi.

Sisi ni watu wa 1972. Wazazi wetu walikimbilia Tanzania mwaka huo wa mauaji, wakapewa mashamba Katumba, karibu na Mpanda, na huko ndiko tulikozaliwa. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2007. Mwaka uliofuata ukaanza mpango wa kuwarejesha waliotaka kurudi, nao waliotaka kubaki wakaruhusiwa kuomba uraia wa Tanzania. Watu zaidi ya 160,000 walichagua kubaki. Sisi tulikuwa miongoni mwa zaidi ya 50,000 waliorudi. Mwaka 2009 tulipanda treni hadi Kigoma, kisha magari yakatufikisha Nyanza-Lac, katika uliokuwa mkoa wa Makamba. Shamba la babu tulikuta lina watu wengine, kama walivyokuta wengi waliorudi Nyanza-Lac na Rumonge.

Marehemu baba alikuwa na ndoto moja: mwanawe wa kwanza asome Chuo Kikuu cha Burundi. Lakini mimi nilikuwa nimesoma kwa Kiswahili na Kiingereza, na hapa masomo ni Kifaransa. Ili nifike chuo kikuu ilinipasa nirudi darasani miaka kadhaa pamoja na watoto wadogo, nijifunze lugha upya, na huku nyumbani hatuna shamba. Mjomba akasema, “Kijana ana mikono. Mpelekeni Buyenzi.”

Asiyeijua Buyenzi, ni mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani, na ambako gereji na maduka ya spea yamejaa. Mtu aliyetoka Tanzania hakuhitaji mkalimani pale. Baba aliuza mbuzi wawili, tukampa fundi mmoja fedha, tukashikana mikono. Hatukuandikiana chochote. Hatukuulizana nitakaa muda gani, nitafundishwa nini, wala nikimaliza nitapewa nini.

Nilikaa miaka minne. Mwaka wa kwanza niliosha vyuma kwa dizeli, nikashika tochi na kubadilisha matairi. Wa pili nikaaminiwa breki na klachi. Injini nilijifunza kwa kuchungulia. Kila alipofungua pampu ya dizeli, ambayo ndiyo kazi yenye fedha, fundi wangu alinituma sigara. Nikirudi nakuta imeshafungwa. Simlaumu sana, maana naye alifundishwa hivyo hivyo, na aliogopa kwamba nikijua yote nitafungua gereji yangu mbele ya yake.

Mwaka 2013 kampuni moja ya malori ilitafuta mafundi wa kukaa mpakani. Nilikwenda. Waliniuliza cheti. Nikajibu kwamba cheti changu ni mikono yangu. Bwana aliyekuwa mezani alitabasamu kwa upole, akamwita anayefuata.

Rafiki yangu tuliyesoma naye Katumba alibaki na akapata uraia. Naye alijifunza ufundi mtaani kama mimi, chini ya mwembe. Lakini Tanzania ina VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na VETA ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini. Fundi anapimwa kwa vitendo, anaongezewa pale anapopungukiwa, kisha anapewa cheti. Rafiki yangu alipimwa, akaongezewa, akapewa. Leo anatengeneza malori ya kampuni, analipwa kwa mwezi. Tulipokutana Kigoma tulifungua injini moja pamoja, na sikuona anachokijua nisichokijua mimi, isipokuwa ile pampu.

Wafanyabiashara wa Mugina na Manyovu watanielewa upesi. Mnajua kwamba bidhaa zetu za Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000, hupita kwa cheti rahisi cha uasilia bila kutozwa ushuru wa forodha. Bila karatasi hiyo mchele ni ule ule na gunia ni lile lile, lakini utasimama kwenye kizuizi hadi jua lizame. Ujuzi nao ni mzigo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia wafanyakazi kuvuka mipaka na nchi kutambuliana vyeti. Kinachotambuliwa ni cheti. Mikono isiyo na karatasi haimo katika itifaki yoyote.

Kwa sababu hiyo sikumcheka mama. Chuo kikuu kinatoa karatasi inayojulikana, na zipo kazi zisizo na njia nyingine. Kijana anayetaka kuwa daktari au hakimu hana gereji ya kwenda. Lakini chuo nacho kina maswali yake. Mwaka 2017 Serikali yetu iligeuza fedha za kujikimu za wanafunzi kuwa mkopo, wanafunzi wakagoma, na tangu hapo mzazi anapaswa kujua kwamba mwanawe anaweza kutoka na shahada na deni pamoja. Hapa mpakani namjua kijana mwenye shahada ya uchumi anayeuza vocha za simu. Anaiuza vizuri, lakini si kwa ajili hiyo wazazi wake waliuza ng'ombe.

Wala sikutaka kumdanganya mdogo wangu kwamba kwa fundi ni salama. Uhaba wa mafuta ulioikumba Burundi miaka hii umenifundisha adabu. Gari lisilotembea haliharibiki, na lisiloharibika halimlishi fundi. Ipo miezi niliyofungua gereji asubuhi na kuifunga jioni bila kushika spana.

Jambo moja tu nililikataa kwa mama, nalo ni maneno kwamba ufundi ni wa walioshindwa. Chuo Kikuu cha Makerere, ambacho wazee wetu walikitaja kwa heshima, kilifunguliwa mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14. Walichofundishwa ni useremala, ujenzi na umakanika. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Hao walikuwa na mwalimu na daftari. Wewe ulikuwa na nini?”

Mama hajasoma, lakini swali hilo ndilo lililoamua shauri letu. Nilichukua daftari, tukaandika na mdogo wangu maswali manne. Mafunzo ni ya muda gani? Kazi zipi atafundishwa, moja moja kwa jina lake? Ni lini ataanza kupewa chochote cha kujikimu? Na mwisho wake, nani atathibitisha kwa maandishi kwamba anajua?

Fundi wa kwanza aliyasoma, akacheka. “Mimi sikumwandikisha mwalimu wangu,” akasema, “na huyu binti hataniandikisha mimi.” Tulimshukuru, tukaondoka. Wa pili alitaka fedha zote mbele, maandishi baadaye. Tukaondoka tena. Wa tatu alikuwa na duka dogo karibu na soko, na ukutani alikuwa ametundika cheti chake mwenyewe. Alisoma polepole, akafuta mstari mmoja, akaongeza miwili: miezi kumi na minane, kufunga nyaya za nyumba, paneli na betri, pampu ya maji, chakula cha mchana tangu siku ya kwanza, na sehemu ya malipo kuanzia mwezi wa saba. Mwisho atamwandikia barua yenye orodha ya kazi alizozifanya, na kumsindikiza akapimwe katika kituo cha ufundi kinachotambuliwa. Alitia saini. Mimi nikatia. Mdogo wangu akatia.

Majina ya chuo kikuu yalitoka wakati ameshaanza kazi. Alipangiwa kitivo ambacho hakukiomba. Mama alinuna wiki mbili, akanisalimu kwa kichwa tu. Mdogo wangu aliamua kumaliza miezi yake kwanza. Diploma yake ya Serikali haiozi. Akitaka kusoma uhandisi baadaye, ataingia akijua waya unapita wapi. Huenda akaenda, huenda asiende. Uamuzi ni wake.

Siku moja nilikuwa natafuta karatasi ya shamba ndani ya bati ambamo mama huhifadhi vitu vyake vya thamani. Nilikuta karatasi zetu za kurejea za mwaka 2009, kitambulisho cha marehemu baba, na chini yake, umekunjwa vizuri, ule mkataba wa fundi. Sikumwuliza.

Kwa wenzangu tuliorudi, na kwa wale mnaovuka kila siku kutafuta ada za watoto, nawaomba neno moja. Mtoto akimaliza shule, msigombane kuhusu heshima ya chuo au heshima ya spana. Nendeni kote kuwili mkaulize maswali yale yale: muda gani, atafundishwa nini, itagharimu nini, na atatoka na karatasi gani. Asiyetaka kuyajibu, awe profesa au fundi, huyo msimkabidhi mtoto wenu. Mimi sikuuliza, na miaka minne niliyoitoa Buyenzi hadi leo hakuna mpaka unaoitambua.