Bati Lililobaki Ndilo la Kuangaliwa

Bati lililong'oka likatua uani kwa jirani kila mtu analiona. Mimi hunitia wasiwasi lile lililobaki. Buyenzi, Kamenge, Kinama, mitaa ya Bujumbura: nyumba nyingi huko zimeezekwa mabati mepesi, na dhoruba za Februari hadi Mei huziacha zikionekana nzima, kumbe misumari imeshalegea. Upepo unaofuata ndio huondoka na paa.

Upepo haulikandamizi paa, hulivuta juu. Ukipita kwa kasi, mgandamizo wa hewa hupungua juu ya bati, na hewa iliyoingia mlangoni na madirishani husukuma kutoka chini. Mvuto huo huwa mkali zaidi kwenye kingo, pembe na kofia ya paa. Anza ukaguzi hapo.

Kama waya wa umeme umelala juu ya bati, usiguse chochote, waite Regideso, shirika la umeme. La sivyo, ingia ndani mchana wa jua kali, funga madirisha, utazame juu. Tundu la msumari lisipitishe mwanga. Ukiona mwanga wa umbo la yai, ujue bati limekuwa likicheza. Kisha tazama kenchi inapokalia ukuta: ufa mpya wa plasta maana yake mbao ilinyanyuka.

Mafundi wengi hugonga msumari uleule katika tundu lilelile. Kazi bure, tundu kwenye mbao limeshatanuka. Piga mpya wenye kofia na raba, sentimita chache kando, juu ya mgongo wa bati, kwani bondeni ndiko maji yanakopita. Tundu la zamani ulizibe kwa kiraka na lami. Ukingoni misumari ikaribiane kuliko katikati. Bati jipya lilalie la jirani yake migongo miwili, na mdomo wa maungio usielekee upepo unakotoka.

Na yale mawe ambayo watu huweka juu ya paa kulizuia? Yateremshe. Bati likiinuka, jiwe huporomokea watu. Uzito unaofaa unao tayari, nao ni ukuta wenyewe. Toboa ukuta safu kadhaa za matofali chini ya kenchi, pitisha waya mnene wa mabati, uzungushe juu ya kenchi na kuusokota hadi ukaze. Upepo ukitaka paa, itabidi uinue na matofali hayo. Ukuta wa udongo uliomegwa na mvua utengenezwe kwanza, maana waya utaukata.

Fundi aitwe kati ya Juni na Agosti, mbao zikiwa kavu.