ALAMA JUU YA PAKITI: TUJIFUNZE KWA WAKULIMA WA NSHAMBA



Wengi wenu mmetuuliza habari ya zile alama ndogo zinazobandikwa juu ya pakiti za kahawa, chai na viungo huko Ulaya. Je, zamfaa mkulima, au zampendeza mnunuzi tu? Na karafuu zetu zaweza kuzipata? Ili tusijibu kwa kubahatisha, twapenda kuwaeleza habari za Nshamba, katika Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera, ambako wakulima wa kahawa wamelijua jambo hili kwa miaka 30 hivi.

Mkulima wa huko hupanda kahawa katika kibanja chake, chini ya migomba, karibu na nyumba. Aghalabu ni robusta, huanikwa pamoja na maganda yake, kisha hupelekwa chama cha msingi. Juu ya vyama hivyo kipo Chama Kikuu cha Ushirika cha Kagera, KCU, ambacho asili yake ni ule ushirika wa Bukoba wa mwaka 1950. Tangu miaka ya 1990 KCU huuza kahawa yenye alama ya Fairtrade, maana yake biashara ya haki, na nyingine yenye alama ya kilimo hai.

Alama ya biashara ya haki ilianzia Uholanzi mwaka 1988. Mnunuzi huahidi mambo mawili. La kwanza, bei isishuke chini ya kiasi kilichowekwa. Tangu Agosti 2023 kiasi hicho kwa robusta ya namna hiyo ni dola 1.20 kwa ratli. La pili, huongeza senti 20 kwa kila ratli, nazo haziingii mfukoni mwa mtu mmoja, bali wanachama huamua mkutanoni zitumikeje. KCU ilitumia fedha za namna hiyo hata kununua hisa za TANICA, kiwanda cha kahawa cha Bukoba. Hilo latupendeza sana: mkulima kuwa na sehemu katika kiwanda!

Mwaka 2001 robusta ilianguka katika soko la dunia hata chini ya senti 30 kwa ratli, na hapo ndipo ahadi ya bei ilipoonekana thamani yake. Mwaka 2024 bei ya soko ilipanda hata ikapita dola 2, na ahadi ile ikawa imelala tu. Tena bei hiyo hupimwa bandarini, si kibanjani. Gharama zote za njiani hutoka humo. Na kahawa inayokosa mnunuzi wa alama huuzwa kwa bei ya kawaida, ingawa imelimwa kwa kanuni zile zile.

Lakini liko jambo zito zaidi. Kagera wana desturi mbaya iitwayo butura: mtu mwenye shida ya ada ya shule au ya ugonjwa huuza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa. Siku ya mavuno kahawa si yake tena. Alama haimfikii mtu huyo hata kidogo, kwani mwenye kupokea bei ni yule aliyemkopesha. Wale miongoni mwetu waliowahi kuuza karafuu zingali mtini hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa turudi kwetu. Viungo navyo vina kanuni zake katika Fairtrade, na Afrika Mashariki tunayo alama yetu ya Kilimohai, iliyotokana na kanuni za mwaka 2007. Lakini karafuu zetu hupita ZSTC, kwa hiyo hatuwezi kulifanya jambo hili peke yetu. Itatubidi kuzungumza nao. Ukaguzi nao una gharama yake kila mwaka. Ulaya hudai shamba la miti ya kudumu likae miaka 3 bila dawa zilizokatazwa kabla ya mavuno kuitwa ya kilimo hai, na kundi la wakulima lisizidi watu 2,000. Kila shamba liwe na ukurasa wake daftarini. Mkaguzi ataona pia karafuu zilizoanikwa juu ya lami badala ya jamvi, na makonyo yaliyosahauliwa ndani ya gunia.

Kamati italizungumza jambo hili katika mkutano ujao. Kabla ya siku hiyo kila mwanachama amwone katibu wa tawi lake, aandikishe shehia yake, idadi ya mikarafuu, mikubwa kwa midogo, na dawa yo yote iliyotiwa shambani katika miaka 3 iliyopita. Aliyekwisha kukodisha mikarafuu yake kwa msimu huu naye aseme. Jina lake halitasomwa mkutanoni.