Mpingo na Abunusi: Gharama Iko Kwenye Kinachotupwa

Mafundi wa ala za muziki huchagua kati ya miti miwili myeusi. Mmoja ni mpingo, Dalbergia melanoxylon, unaovunwa zaidi kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Mwingine ni abunusi ya Afrika ya Kati, Diospyros crassiflora, inayotoka misitu ya mvua ya Kamerun na Gabon. Wauzaji husifu weusi na ugumu. Kwa ugumu mpingo unaongoza: niutoni 16,320 dhidi ya 13,700, tofauti ya asilimia 19. Lakini kipimo hicho hakisemi upi ni ghali.

Tuanze na uzito. Mpingo mkavu una wastani wa kilo 1,270 kwa mita ya ujazo, abunusi kilo 955. Kwa hiyo kilo moja ya mpingo ni sentimita za ujazo 787, na ya abunusi ni 1,047. Bei ya kilo ikiwa sawa, mnunuzi wa mpingo analipa theluthi moja zaidi kwa ujazo uleule.

Kusinyaa kunaupa mpingo nafuu. Kusinyaa hapa ni ujazo unaopotea mti mbichi ukikaushwa hadi maji yaishe kabisa. Mpingo hupoteza asilimia 7.7, abunusi asilimia 19.6. Sentimita za ujazo 1,000 za mpingo mbichi hubaki 923, za abunusi 804. Kipimo hiki ni cha maabara. Hakuna zumari wala gitaa linalokaushwa kiasi hicho, hivyo mabadiliko halisi ni madogo zaidi kwa miti yote miwili. Hata hivyo, tundu la klarineti linalopokea pumzi yenye unyevu kila siku linahitaji mti usiochezacheza, na hapo mpingo unastahili bei yake.

Hasara kubwa ya mpingo iko kwenye msumeno. Mti huu hupinda, hupasuka na huwa na mashimo, na tabaka jeupe la nje halitakiwi. Katika biashara ya ala, kiwango kinachotajwa mara kwa mara ni kwamba asilimia 10 tu ya gogo, au chini ya hapo, ndiyo inayotoka ikiwa vipande safi. Chukua gogo la mita moja lenye kipenyo cha sentimita 24, kipenyo cha chini kinachoruhusiwa kuvunwa Tanzania. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 45,200. Asilimia 10 ni 4,520. Nikikadiria vipande vya klarineti moja kuwa 1,850, gogo linatoa klarineti mbili. Mti wenyewe hukadiriwa kuchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa.

Mwenye msitu anapata nini? Mwaka 2009, shirika la Mpingo Conservation & Development Initiative lilipopata cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, kwa ajili ya misitu ya vijiji vya Kilwa, hesabu iliyotangazwa ilikuwa kwamba kijiji kilichoambulia senti 8 za dola kwa gogo kingepata dola 19 au zaidi. Kwa dola moja kuwa shilingi 1,300, ni kutoka shilingi 104 hadi 24,700, yaani zaidi ya mara 237. Mara 237 inavutia kwa sababu mwanzo ulikuwa karibu na sifuri. Tena ni mapato kabla ya kutoa gharama za doria na za kupima msitu.

Linganisha na mwisho wa safari. Klarineti ya mwanamuziki wa kulipwa huuzwa dola 4,000 na zaidi. Klarineti mbili ni dola 8,000. Dola 19 ni asilimia 0.24. Gogo likitoa moja tu, sehemu ya kijiji bado haifiki nusu ya asilimia 1. Ni kweli bei hiyo inabeba funguo za chuma, ufundi na usafirishaji. Hata hivyo, ukiongeza malipo ya kijiji mara mbili, bei ya klarineti haisogei hata asilimia 1.

Abunusi hupotea mapema zaidi, msituni. Kampuni ya Taylor Guitars, iliyonunua kiwanda cha Crelicam mjini Yaoundé mwaka 2011 pamoja na mshirika wake, ilieleza kwamba kwa kila mti mweusi tititi uliopatikana, miti tisa hivi iliangushwa ikaachwa kwa kuwa ndani ina michirizi. Takwimu hiyo ni ya wakataji iliyopitia kwa mnunuzi; si hesabu ya msitu mzima. Ikiwa sahihi, hata msumeno usiopoteza chochote unaacha matumizi ya asilimia 10. Ukipoteza nusu, yanabaki 5.

Tofauti ni chanzo. Mpingo hupotea kwa umbo lake, ingawa kampuni ya Buffet Crampon imekuwa ikitengeneza klarineti ambazo takriban asilimia 95 ni unga wa mpingo. Abunusi hupotea kwa sababu ya rangi, na michirizi haipunguzi uimara wake. Anayeagiza gitaa anaweza kuikubali michirizi hiyo leo hii. Anayeagiza klarineti amuulize muuzaji gogo lilitoka kijiji gani na kililipwa shilingi ngapi.