Kabla ya Kununua Ruta ya VPN, Ijue Kwanza Kazi Yake



Likizo iliyopita sisi mafrateri wawili tuliombwa na Baba Paroko tumsaidie jambo moja. Kompyuta ya ofisi ya parokia imehifadhi picha za vitabu vya ubatizo na majalada ya ndoa. Katibu wa parokia alihitaji kuyafikia akiwa kigangoni, bila kutumiana picha hizo kwa WhatsApp kama ilivyokuwa imezoeleka. Jibu lilikuwa VPN. Tukapewa fedha, tukaenda mjini, tukanunua ruta yenye antena sita, kwa sababu boksi lake liliandikwa 1200 na muuzaji alisema ni nambari kubwa.

Intaneti ya kawaida ilienda vizuri. Tulipowasha VPN, mambo yakageuka. Mstari wa megabiti 50 kwa sekunde haukuvuka megabiti 9 kupitia VPN, na kila katibu alipofungua jalada, nyumba nzima ya mapadre ililalamika kwamba intaneti imelegea. Fedha zile zilikuwa michango ya jumuiya ndogondogo. Tuliona aibu. Tunaandika haya ili mwingine asirudie kosa letu, awe anafunga mtambo huu parokiani au nyumbani kwake.

Kazi kwanza, chuma baadaye

Katika kitabu cha pili cha Fizikia, Aristotle anatoa mfano wa msumeno: ni lazima uwe wa chuma, kwa kuwa kazi yake ni kukata. Kazi ndiyo inayodai chuma. Darasani tulilijibu swali hilo vizuri kabisa, lakini dukani tulilisahau.

Basi, kazi yenyewe ni ipi? Faiawoli ni mlinzi wa geti: huamua kipi kiingie na kipi kitoke kati ya intaneti na vifaa vya nyumbani. Kazi hii ni nyepesi, na hata ruta ndogo huimudu. VPN ni kama bahasha iliyofungwa kwa lakiri inayosafiri katika barabara ya watu wote. Kila kipande cha taarifa lazima kisimbwe kinapotoka na kisimbuliwe kinapofika. Kazi hiyo ni hesabu tupu, na anayeifanya ni prosesa.

Hapo ndipo tulipokosea. Ile 1200 ya kwenye boksi ni jumla ya kasi za Wi-Fi za masafa mawili, na haisemi lolote kuhusu nguvu ya kusimba. Tulinunua antena wakati tulihitaji prosesa.

Prosesa na aina ya VPN

Mambo haya mawili hayatenganishwi. OpenVPN, iliyoanza mwaka 2001, kwa desturi hufanya kazi yake kwenye kiini kimoja tu cha prosesa. Viini vinne dhaifu havitakusaidia kama kimoja chenye nguvu. Mara nyingi hutumia usimbaji uitwao AES, na prosesa nyingi za Intel na AMD zina amri maalumu za kuharakisha AES, zinazoitwa AES-NI. Intel ilianza kuziweka mwaka 2010, lakini si katika kila prosesa. Kabla ya kununua kompyuta iliyotumika, andika jina la prosesa yake, kisha uangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji kama AES-NI imo.

WireGuard ni changa zaidi. Iliingizwa ndani ya Linux toleo la 5.6, Machi 2020. Inatumia usimbaji uitwao ChaCha20, unaokwenda vizuri hata kwenye prosesa isiyo na msaada wa AES. Kwa hiyo mwenye ruta tayari asikimbilie dukani. Ajaribu kwanza kubadili aina ya VPN. Sisi hatukuweza, kwani programu ya ruta yetu haikuwa na WireGuard, na modeli yake haikuwamo katika orodha ya vifaa vinavyokubali OpenWrt, programu huria ya ruta. Orodha hiyo iko wazi kwa kila mtu, na ingetuchukua dakika tano kuisoma kabla ya kulipa.

Milango, umeme na mstari

Ruta ya faiawoli inahitaji angalau milango miwili ya kebo: mmoja wa intaneti, mwingine wa nyumbani. Raspberry Pi 4, ambayo wengi huipenda kwa udogo wake, ina mlango mmoja tu, na prosesa yake haina msaada wa AES. Kwa kompyuta ya kawaida unaweza kuongeza kadi ya mtandao. Ukitaka kutumia OPNsense au pfSense, programu mbili za faiawoli zinazokaa juu ya FreeBSD, chagua kadi ya Intel, kwa sababu FreeBSD huelewana nayo vizuri kuliko kadi nyingi za bei ya chini.

Kisha kuna LUKU. Ruta haizimwi. Kompyuta kubwa ya zamani inayokula wati 60 itatumia uniti 43 hivi kwa mwezi, wakati kifaa cha wati 10 kitatumia uniti 7. Kompyuta ya kupewa bure inaweza kuwa ghali kabla mwaka haujaisha. Kifaa cha umeme kidogo pia hudumu muda mrefu zaidi kwenye UPS umeme unapokatika.

Mwisho, pima mstari wenyewe. Mtu aliye mbali akifungua faili la nyumbani, anategemea kasi ya kupakia ya nyumbani, ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko ya kupakua. Ikiwa mstari wako hupakia megabiti 10, ruta ya kusimba megabiti 500 haitakuongezea chochote kwa kazi hiyo. Angalia pia anwani ya IP iliyo kwenye ruta. Ikitofautiana na ile inayoonyeshwa na tovuti za kupima anwani, huenda kampuni yako inawachanganya wateja wengi katika anwani moja, jambo la kawaida kwenye intaneti ya simu. Ikiwa ndivyo, VPN ya kuingia nyumbani haitafikiwa kutoka nje, hata ununue ruta gani. Omba anwani ya umma, au pitia seva ya kukodi.

Tulichofanya hatimaye

Tulimweleza Baba Paroko ukweli wote. Hakutugombeza, aliuliza tu, "Sasa mmejua mnachotafuta?" Safari hii tulijua. Tulipata kompyuta ndogo ya ofisi iliyotumika, yenye AES-NI na RAM ya GB 4, tukaiongezea kadi ya Intel yenye milango miwili, tukaweka OPNsense na WireGuard. Ile ruta ya antena sita haikutupwa: sasa inagawa Wi-Fi tu, kazi iliyoumbiwa tangu mwanzo. Anayenunua kipya anaweza kutazama kompyuta ndogo za prosesa ya Intel N100, yenye viini vinne na AES-NI na isiyokula umeme mwingi. Kwa mstari wa kawaida wa nyumbani inatosha na kubaki.

Mambo mawili yasisahaulike. Oktoba 2023 TCRA iliwatangazia watumiaji wa VPN nchini watoe taarifa za VPN zao, kwa hiyo ulizia utaratibu huo kabla ya kuwasha yako. Na VPN hailindi kitu ikiwa programu haisasishwi, au ikiwa ufunguo wa katibu umo kwenye simu ambayo kila mtu nyumbani anaichezea.

Majalada yale yana siri za watu: ndoa zilizovunjika, watoto waliobatizwa bila jina la baba. Waliotueleza hayo walituamini, nasi tulikuwa tukiyarusha kwa simu. Ndiyo maana, ndugu msomaji, tunakusihi uchukue karatasi kabla ya kutoa pochi. Andika nani ataingia, kutoka wapi, kufungua nini, na mstari wako una kasi gani. Ukienda nayo dukani, muuzaji hatapata nafasi ya kukuhesabia antena.