Ua la Usambara Linaishi kwa Kivuli

Mama msomaji, huko Ujerumani kuna ua dogo la zambarau ambalo akina mama hulipanda katika chungu na kuliweka dirishani. Jina wanaloliita limetokana na milima yetu ya Usambara. Na sisi tunaoishi chini ya milima hiyo, Korogwe na Handeni, wengi wetu hatujaliona hata mara moja.

Mwaka 1892, ofisa wa serikali ya Kijerumani huku Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao kwa baba yake. Mwaka 1893 Hermann Wendland, mtaalamu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akalipa jina la Saintpaulia kwa heshima ya familia hiyo. Wenyeji waliolijua zamani hawakuwekwa katika jina! Siku hizi ua hili huuzwa kwa mamilioni duniani.

Porini halitaki makuu. Huishi mwaka hadi mwaka katika ufa wa mwamba wenye udongo kiduchu, karibu na kijito, chini ya miti mikubwa. Liko Amani, wilayani Muheza, na liko upande wa Korogwe kwenye misitu ya Ambangulu. Jua kali likilipiga, majani hubabuka. Kwa hiyo mti ulio juu yake ukikatwa, ua hufa bila mtu kuligusa.

Msitu huohuo ndio unaotunza vijito. Baadhi ya vijito vya pande hizo huteremka hadi Mto Luengera, nao Luengera huingia Mto Pangani karibu na Korogwe. Mama wa Handeni anajua adha ya kutafuta ndoo moja ya maji wakati wa kiangazi, na mabomba ya kwao yamekuwa yakitegemea maji ya Pangani. Anayo haki ya kuuliza habari za miti ya mlimani, hata kama hajapanda huko. Lakini tusimlaumu tu mwenzetu wa mlimani anayebeba mzigo wa kuni. Naye ana watoto wa kuwapikia. Akiwa na migrivea yake mpakani mwa shamba, atakata matawi hapo nyumbani na msitu utapumzika.

Ukilipenda ua hili, usilichimbe msituni. Muombe jani moja mtu mwenye nalo kwenye chungu. Liache na kikonyo chake, kichomeke katika udongo mwepesi wenye mboji na mchanga, kisha weka chungu barazani penye mwanga lakini pasipo jua. Handeni kuna joto, basi chagua upande wa nyumba wenye kivuli mchana. Maji mimina katika sahani chini ya chungu, maana maji baridi yakidondokea majani huacha madoa. Baada ya miezi miwili au mitatu utaona vitoto vikichipua pembeni. Vitenge, kila kimoja na kikopo chake, na jirani akija kuomba mpe jani.