Miguu Iliyofungwa: Funzo la Msumbiji na Kongo

Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, watu waliolala wazima waliamka miguu ikitetemeka, mizito na iliyokakamaa. Waliopatwa na maradhi hayo, yaliyoitwa na wenyeji mantakassa, walizidi 1,100. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto.

Mwanzoni ilihofiwa kwamba huenda ni maradhi ya kuambukiza. Uchunguzi ulionyesha vingine. Mwaka huo ulikuwa wa ukame mkali. Mazao mengine yalikauka, ukabaki muhogo mchungu.

Maradhi hayo hayakuwa mageni Afrika. Mwaka 1938, daktari Giovanni Trolli aliyaeleza kutoka Kwango, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wayaka wa huko huyaita konzo, yaani miguu iliyofungwa.

Muhogo mchungu huwa na kemikali inayotoa sumu ya sianidi, na ukame huizidisha. Wakulima wamejua tangu zamani kuiondoa kwa kuloweka, kuvundika na kuanika. Sumu kidogo inayosalia, mwili huigeuza kwa msaada wa salfa itokanayo na protini ya samaki, nyama na maharage. Ambapo muhogo haukutayarishwa vya kutosha, na kitoweo hakuna kwa majuma mengi, neva zinazoongoza miguu huharibika. Uharibifu huo hutokea ghafula, hauendelei kuzidi, lakini hauponi.

Basi kwa nini watu wenye ujuzi huo hula sumu? Jibu halimo katika uzembe. Huko Nampula, wenye njaa hawakuweza kungoja siku nyingi za kuanika. Mwaka 1992 na 1993, vita vilipowafukuza wananchi mashambani mwao, maradhi yalizuka tena jimboni humo. Katika Bandundu ya Kongo, barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilileta malori ya wafanyabiashara wa muhogo. Siku tatu za kuloweka zikapunguzwa kuwa moja. Fedha ilipatikana mjini, miguu ikafungwa kijijini.

Tanzania nayo haikusalimika. Mwaka 1985, wakati wa ukame, konzo ilizuka wilayani Tarime, mkoani Mara, na wagonjwa 39 wakachunguzwa na madaktari.

Si kila mtetemeko wa misuli ni konzo. Kisukari, pombe na upungufu wa vitamini pia hudhuru neva, na ni kazi ya daktari kupambanua. Lakini pale watu kadhaa wa kijiji kimoja wanapokakamaa miguu katika msimu wa njaa, chungu cha ugali kichunguzwe kabla ya kumsaka mchawi.

Kinga ipo, wala si ya gharama. Unga wa muhogo hutiwa maji, ukatandazwa kwa tabaka jembamba kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu ikatoka kwa mvuke. Kisha hupikwa siku hiyo hiyo. Njia hiyo imetumiwa huko Kongo tangu mwaka 2010 kwa mafanikio.

Hata hivyo, maji na jua havitoshi peke yake. Mwenye akiba ya mtama ghalani na maharage chunguni halazimiki kula muhogo usioiva kwa jua. Konzo ni maradhi ya neva, lakini mzizi wake ni ufukara, na huo ndio unaopasa kung'olewa.