Mizani Imegoma Kushuka? Kabla ya Kujinyima Zaidi, Hesabu Upya

Kwa wiki sita mfululizo mizani ya shangazi yangu wa Kisauni ilikuwa ikisema neno moja tu: kilo 86. Alianza mwaka akiwa na kilo 96, baada ya kuambiwa kliniki kwamba sukari yake imekaa mpakani, haijawa ugonjwa lakini haiko mbali, na presha nayo inapanda. Mjukuu akamwekea kwenye simu programu ya kuhesabu kalori na kumfundisha kuitumia. Kufikia katikati ya mwaka kilo kumi zilikuwa zimeondoka, madera yamemlegea, na goti lililokuwa likimsumbua kwenye ngazi limetulia. Halafu kila kitu kikasimama.

Aliponipigia simu alikuwa ameshaacha kula usiku, na jirani alikuwa amemuahidi vidonge vya kupunguza mwili kutoka kwa mtu anayeuza mtandaoni. "Mwanangu," akaniambia, "mwili wangu umegoma. Ama hii mizani imekufa betri."

Betri ilikuwa nzima, na mwili haukuwa umegoma. Kilichotokea humkuta karibu kila mtu anayepunguza uzito kwa kuhesabu kalori, na wengi hukosea hapo hapo: hukata chakula zaidi, hushindwa kuvumilia, hukata tamaa, na kilo zote hurudi. Ndiyo sababu nimeona niandike hesabu yenyewe, tarakimu kwa tarakimu.

Anza na mwili. Matatu iliyojaa abiria hunywa mafuta mengi kuliko iliyo tupu, na mwili ni vivyo hivyo. Kuna kanuni inayotumiwa sana na wataalamu wa lishe, iliyochapishwa mwaka 1990 na kupewa jina la Mifflin na St Jeor. Kwa mwanamke, zidisha kilo zako kwa 10, ongeza urefu wako kwa sentimita uliozidishwa kwa 6.25, toa umri uliozidishwa kwa 5, kisha toa 161. (Mwanamume hatoi 161, anaongeza 5.) Jibu ni kalori ambazo mwili hutumia kwa siku ukiwa umelala tu kitandani. Mtu asiyefanya kazi nzito huzidisha jibu hilo kwa takriban 1.4 ili kupata matumizi ya siku nzima.

Shangazi ana miaka 52 na urefu wa sentimita 158. Alipokuwa na kilo 96, mwili wake ulihitaji kama kalori 2,140 kwa siku. Kwa kilo 86 unahitaji kama 2,000. Yeye lakini bado alikuwa akila kwa lengo lile lile la Januari, kalori 1,600. Mwanzoni pengo lilikuwa kalori 540 kwa siku, sasa limekuwa 400. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Kwa hiyo kilo iliyokuwa ikiondoka kila wiki mbili sasa ingechukua karibu wiki tatu, hata kama hakubadilisha chochote.

Hapo bado hatujafika kwenye kusimama kabisa, maana wiki tatu kwa kilo ni mwendo wa kobe lakini ni mwendo. Ila ukila kidogo kwa miezi mingi mwili hujibana. Hupunguza matumizi zaidi ya vile kanuni inavyosema, na wewe mwenyewe, bila kujua, hupunguza kujisogeza. Nilimuuliza shangazi kama bado anatembea kwenda sokoni. Akacheka. Siku hizi anachukua tuktuk kwa sababu anahisi uchovu. Dakika thelathini za kutembea kwa mtu wa uzito wake ni kalori kama 150, ukiondoa zile ambazo angezitumia akiwa ameketi inabaki kama 100. Pengo la 400 limekuwa 300.

Zilizobaki zilikuwa jikoni.

Mwaka 1992 watafiti wa Marekani walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine uchunguzi wa watu waliokuwa wakilalamika kwamba hawapungui ingawa wanakula chini ya kalori 1,200. Walipopimwa, miili yao ilikuwa ikitumia nguvu kawaida tu. Tofauti ilikuwa kwenye daftari: kwa wastani chakula walichokula kiliandikwa pungufu kwa asilimia 47, na mazoezi yakaandikwa zaidi kwa asilimia 51. Hawakuwa waongo. Kukadiria chakula kwa macho ni kazi ngumu, na kadiri miezi inavyopita mkono huzoea na kijiko hujaa.

Na kama kuna mahali ambapo macho hudanganywa, ni kwenye chakula chetu cha Pwani. Mafuta na tui havionekani. Yai la kuchemsha utalihesabu, lakini nani anaona kasimile ndani ya mbaazi? Nazi moja ya wastani, nyama yake yote, ina kalori kama 1,400. Si zote huingia kwenye tui, nyingine hubaki kwenye machicha, lakini ukikuna nazi mbili kwa sufuria moja ya wali si jambo dogo. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ni kalori 120, yawe ya mahindi, ya alizeti au ya nazi. Wapo wanaoamini mafuta ya nazi hayanenepeshi kwa kuwa ni ya asili. Kwa upande wa kalori hayana tofauti.

Tukakaa na shangazi Jumamosi moja na mizani ya jikoni, tukapika mahamri kwa kupima. Unga kilo moja, kalori kama 3,600. Sukari gramu 200, kama 770. Kikombe cha kasimile, kama 550. Tulipima mafuta kwenye karai kabla ya kukaanga na baada ya kukaanga. Yalikuwa yamepungua gramu 180, yaani kalori kama 1,600. Jumla ni zaidi kidogo ya 6,500, na tulitoa mahamri 32. Hamri moja, kalori 204. Kwenye simu yake alikuwa amechagua andazi la mtu asiyemjua, lililoandikwa kalori 120.

Miezi mitatu ya kwanza alikuwa ameyaacha mahamri kabisa, ndiyo maana hesabu ilimtii. Aliporudi kuyala, mawili kila asubuhi, alikuwa akikosa kuandika kalori 168 kwa siku. Pengo la 300 limebaki 132. Halafu chai: vikombe vinne, kila kimoja ameandika kijiko kimoja cha sukari. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4, kalori 16. Cha shangazi kimejaa kilima, na tulipokiweka kwenye mizani kilikuwa gramu 8. Hiyo ni kalori 64 nyingine zisizoandikwa. Bado 68. Na jioni, mchuzi wa samaki ambao "haujatiwa mafuta mengi" ulikuwa na kijiko kimoja zaidi ya alichohesabu kwenye sahani yake. Pengo limekwisha. Huyo mtu hawezi kupungua, na hakuna muujiza ndani yake.

Kosa jingine nimeliona kwa watu wengi, hata vijana wa gym: wali. Gramu 100 za mchele mkavu zina kalori kama 360. Gramu 100 za wali uliokwisha kupikwa kwa maji zina kama 130, kwa sababu uzito mwingi sasa ni maji. Ukipima mchele mkavu ukachagua kwenye simu "wali uliopikwa", umejipunguzia karibu theluthi mbili ya hesabu. Unga wa sima una mtego huo huo. Na kabla ya kuamini chakula cha Kimarekani kilichomo kwenye programu, jua kwamba Serikali ya Kenya na FAO walitoa mwaka 2018 majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Kenya, pamoja na kitabu cha mapishi ya kawaida ya hapa nchini chenye vipimo vya viinilishe. Vinapatikana mtandaoni bure. Mbaazi za nazi kwa kipimo cha mpishi wa hapa zinakufaa zaidi kuliko kukisia.

Lakini pia yawezekana hujasimama kabisa, ila maji yamekuficha. Wanga unaowekwa akiba kwenye misuli na ini hushika maji, gramu moja kwa takriban gramu tatu. Chumvi nayo hushika maji. Nenda harusi Jumamosi, kula biriani na achari, panda mizani Jumapili: umeongeza kilo mbili. Ili kupata kilo mbili za mafuta ungelazimika kula kalori 15,400 za ziada usiku ule, na hakuna sinia la kiasi hicho. Wanawake wanaopata hedhi huongezeka maji siku fulani za mwezi, na anayeanza mazoezi mapya huvimba misuli kidogo wiki za kwanza. Ukiwa unapungua kilo moja kwa wiki tatu, maji ya kilo moja na nusu yanayopanda na kushuka yanatosha kukuficha maendeleo ya mwezi mzima.

Kwa hiyo pima kila asubuhi baada ya kwenda msalani na kabla ya chai, kisha chukua wastani wa siku saba, ulinganishe wiki kwa wiki. Pima na kiuno kwa utepe wa fundi cherehani. Kama wastani na kiuno havijasogea kwa wiki nne, hapo sema umesimama. Wiki moja na nusu si kusimama.

Ukishathibitisha, usikate chakula kwanza. Pima kila kitu kwa siku kumi na nne, kila kitu kweli: mafuta kabla ya kuingia sufuriani, sukari, tui, ukwaju wa Ijumaa, korosho za kutafuna mbele ya televisheni (gramu 30, ambazo ni kiganja tu, zina kalori kama 165). Mara nyingi hilo peke yake humaliza kazi. Ikiwa daftari ni sahihi na bado hakuna kinachosogea, fanya upya ile kanuni kwa uzito wako wa leo, kisha punguza kalori 150 au 200, au rudisha matembezi. Mimi ningechagua matembezi. Mwanamke asishuke chini ya kalori 1,200 bila kusimamiwa na daktari, maana chini ya hapo ni vigumu hata kupata madini na vitamini za kutosha.

Ongeza samaki, maharagwe, mayai, pojo. Protini hushibisha, na pamoja na mazoezi ya nguvu (hata kunyanyua mitungi ya maji) huzuia mwili usile misuli yake. Kuna pia wanaochoka baada ya miezi sita; hao wale kiasi cha kutosheleza mwili tu, bila kupunguza wala kuongeza, kwa wiki mbili, halafu waendelee. Sioni aibu hapo.

Vidonge vya mtandaoni nilimkataza shangazi kwa ukali ambao si kawaida yangu kwa mtu mzima. Sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo, imeendelea kupatikana ikiwa imefichwa ndani ya bidhaa za kupunguza mwili zinazouzwa kama za mitishamba. Mtu mwenye presha hana haja ya kubahatisha hapo. Na sanamaki, ambayo wazee wetu waliitumia kulainisha choo, haiondoi mafuta. Inaondoa maji na kinyesi, mizani inashuka siku moja, na ukinywa maji inarudi.

Jambo la dharura zaidi ni hili: kama unachoma insulini au unameza vidonge vya sukari kama glibenclamide, kujinyima chakula cha usiku kunaweza kushusha sukari mpaka ukazimia. Wanaotumia dawa za presha nao, wakipungua uzito, dozi ya zamani inaweza kuwakalia nzito wakapata kizunguzungu wanaposimama. Mwambie daktari kabla ya kubadilisha chakula, si baada ya kuanguka.

Nilimwambia shangazi jambo moja ambalo mizani haikuwa imemwambia. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002 kuhusu watu waliokuwa kwenye hatari ya kisukari kama yeye, lengo lilikuwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Waliofuata mpango huo walipata kisukari kwa kiwango cha asilimia 58 chini ya wale ambao hawakuufuata. Yeye alikuwa ameshapunguza zaidi ya asilimia 10. Hata angebaki na kilo 86 maisha yake yote bila kuzirudisha zile kumi, alikuwa ameshajifanyia jambo kubwa.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama akila hamri moja badala ya mawili, mbaazi anaweza kuziacha vile vile. Tukahesabu. Anaweza, ila tui liwe la pili.